Karatasi mbele ya hakimu: majibu kwa wasomaji kuhusu ushahidi wa maandishi

Mwenye karatasi mkononi huingia mahakamani kifua mbele, na wengi hutoka bila kuelewa kwa nini karatasi ile haikuhesabiwa. Maswali yaliyotufikia yanazunguka hapo hapo, ndiyo maana tumeyaweka pamoja katika toleo hili. Tunajibu kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, iliyotungwa mwaka 1967, pamoja na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Namba za vifungu ni za toleo la sheria la 2022. Anayesoma toleo la 2023 asishangae akikuta kifungu kimehamia namba nyingine. Atafute kwa maneno yake. Swali moja limetoka Mombasa, nalo tumelijibu kwa sheria ya Kenya.

Wanaposema "ushahidi wa maandishi" wana maana ya hati zenye muhuri tu? Mimi nina duka, na daftari langu la madeni halina muhuri wowote. (Msomaji, Kibaha)

Daftari lako limo. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ushahidi kinaitafsiri "nyaraka" kwa upana mkubwa: maandishi ya mkono, ya mashine au ya chapa, fotokopi, picha, data ya kompyuta, na rekodi yoyote iliyowekwa kwa herufi, tarakimu, alama au ishara. Tiketi ya basi imo, ramani ya kiwanja imo, ujumbe wa simu umo, na hata maneno yaliyoandikwa ukutani kwa mkaa yamo. Muhuri husaidia kuonyesha karatasi ilikotoka, basi. Hauigeuzi kuwa ushahidi, na kukosekana kwake hakuiondolei sifa hiyo.

Tenganisha karatasi kama kitu na karatasi kama maneno. Mwizi akiiba daftari lako, daftari linaletwa mahakamani kama vile ingeletwa baiskeli: ni kitu kilichoibwa, na lililoandikwa ndani halina kazi. Ukimdai mteja shilingi 180,000, sasa kinachotafutwa ni maneno yaliyomo, na hapo ndipo masharti ya ushahidi wa maandishi yanapoanza kukubana. Kifungu cha 61 kinasema mambo yote yanaweza kuthibitishwa kwa mdomo, isipokuwa yaliyomo ndani ya nyaraka. Ndiyo sababu shahidi akianza kusema "mkataba ulieleza kwamba...", wakili wa upande wa pili anasimama papo hapo: kama mkataba ulieleza, uletwe ujieleze wenyewe.

Kuhusu daftari: umeliandika wewe, kwa mkono wako, kwa faida yako. Usilitegemee likiwa peke yake. Kila mteja anapochukua mali kwa mkopo, aweke saini mbele ya mstari wake, pawe na tarehe, kiasi cha mali na bei yake. Ukurasa wenye saini za mdaiwa una nguvu ambayo kurasa 40 za mwandiko wako hazina. Usichane ukurasa, usipake wino mweupe. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika sahihi pembeni, na mteja aweke saini.

Mwaka 2016 nilinunua shamba la ekari tatu. Hati ya mauziano ilikuwa moja tu, muuzaji akabaki nayo, mimi nikapewa fotokopi. Muuzaji amefariki na watoto wake wanasema shamba halikuuzwa. Nimeipeleka fotokopi kwa wakili, ameigonga muhuri wa "nakala halisi". Je, inatosha? (Msomaji, Kilosa)

Pole, ndugu yetu. Muhuri ule peke yake hautoshi, na tunalisema hili mapema kwa kuwa watu wengi wameutegemea wakaumia.

Sheria inagawa ushahidi wa maandishi mara mbili. Ushahidi wa msingi ni hati yenyewe, ile iliyoguswa na kalamu, ikiletwa mahakama iione (kifungu cha 64). Kama hati ilitengenezwa kwa nakala tatu na kila nakala ikasainiwa na wote, zote tatu ni za msingi. Ushahidi wa pili ni mbadala wake (kifungu cha 65): nakala iliyothibitishwa kwa mujibu wa sheria hiyo, nakala iliyotolewa kwa mashine kutoka kwenye hati halisi, nakala iliyolinganishwa na halisi, au maelezo ya mdomo ya mtu aliyeiona hati kwa macho yake. Kanuni ya kifungu cha 66 ni kwamba hati ithibitishwe kwa ushahidi wa msingi. Mbadala unaingia tu pale kifungu cha 67 kinapoufungulia mlango.

Sasa muhuri wa wakili. "Nakala iliyothibitishwa" inayotajwa na kifungu cha 65 inahusu hasa nyaraka za umma: vyeti vya kuzaliwa vilivyo kwenye kumbukumbu za RITA, taarifa za kampuni zilizoko BRELA, daftari la Msajili wa Hati, mwenendo wa mahakama (yaani kumbukumbu za yaliyosemwa na kufanyika katika shauri). Anayethibitisha ni ofisa anayetunza kumbukumbu hiyo, baada ya kulipwa ada, naye huandika chini ya nakala kwamba ni nakala sahihi, anaweka tarehe, jina lake, cheo chake, na muhuri kama ofisi yake inautumia. Hati yako ya shamba ni ya watu binafsi. Wakili aliyegonga muhuri anaweza kuwa shahidi kwamba aliiona hati halisi siku ile na akailinganisha na nakala. Je, aliiona? Kama ulimpelekea fotokopi naye akagonga juu ya fotokopi, amethibitisha kwamba nakala inafanana na nakala.

Mlango wako uko kwenye kifungu cha 67(1)(a): hati halisi iko mikononi mwa mtu unayetaka kuithibitisha dhidi yake. Marehemu hashtakiwi, na mtoto hawi msimamizi wa mirathi kwa kuwa mtoto tu, kwa hiyo kwanza jua ni nani aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi. Huyo ndiye utakayemshtaki, na huyo ndiye utakayempa notisi ya kuitoa hati chini ya kifungu cha 68. Notisi iwe ya maandishi. Itaje hati kwa namna isiyoweza kuchanganywa na nyingine: tarehe yake, majina ya waliosaini, ukubwa wa shamba na mipaka yake, bei, idadi ya kurasa. Impe muda wa kutosha kutafuta. Notisi ya jioni kwa kesi ya asubuhi mahakama haitaiona kuwa ya haki. Mpelekee kwa mkono mbele ya shahidi na asaini kwenye nakala yako, au ipite kwa wakili wake. Nakala hiyo yenye saini ya kupokea itunze kama yai, kwa kuwa siku ya kesi utaitoa kwanza hiyo, kabla hujaomba kutumia fotokopi.

Akijibu kwamba hati haipo, au akikaa kimya, mlango umefunguka, lakini bado hujaingia. Lazima uonyeshe kwamba fotokopi hiyo ilitoka kwenye hati halisi. Nani aliitoa? Stationari ipi, siku gani? Alikuwepo nani mwingine? Mleteni huyo shahidi. Fotokopi ya fotokopi huleta shida hapa, kwa maana hakuna anayeweza kuapa kwamba aliona halisi ikiingia kwenye mashine. Waiteni pia mashahidi waliosaini, na kiongozi wa kijiji aliyekuwepo siku ile. Na kama ni shamba la kijiji, tafuteni muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoridhia mauziano. Hati inaweza kupokelewa vizuri kabisa na bado ikakuangusha kwa kukosa idhini hiyo.

Wengine watauliza: je, kama hati ilipotea kwangu mimi mwenyewe? Mlango ni 67(1)(c), kupotea au kuharibika. Ripoti ya polisi ya kupotelewa ni mwanzo tu. Mahakama itataka kusikia kwa kiapo: ilitunzwa wapi, nani alikuwa na ufunguo, mara ya mwisho ilionekana lini, ulipogundua haipo ulitafuta wapi na wapi. Anayesema "imepotea" kisha akanyamaza hajathibitisha kupotea.

Kwa anayenunua shamba leo: tengenezeni hati tatu au nne, zote zisainiwe kwa kalamu, kila upande abaki na yake. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi au uwe na kumbukumbu ya maandishi. Kalamu na karatasi mbili za ziada siku ile zinakuepusha na yote tuliyoyaeleza hapo juu.

Niliambatanisha nyaraka zote kwenye hati ya madai: mkataba, risiti 11, barua ya kudai. Hukumu imetoka, hakimu anasema sikuleta ushahidi wa maandishi. Zimo ndani ya jalada! Zilikwenda wapi? (Msomaji, Mbeya)

Ziko pale pale zilipo, kwenye jalada, na hapo ndipo tatizo lilipo. Viambatanisho vya hati ya madai si ushahidi. Mahakama ya Rufani imelisema hili mara nyingi. Katika shauri la JICA dhidi ya Khaki Complex Limited, lililoripotiwa mwaka 2006, ilieleza wazi kwamba hati ambayo haikupokelewa na kuandikwa inavyotakiwa si sehemu ya kumbukumbu za shauri, hata kama wote wameiona.

Kuna hatua mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuleta: Amri ya 7 kanuni ya 14 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakutaka uiwasilishe hati ambayo madai yako yamejengwa juu yake pamoja na hati ya madai, na nyingine unazozitegemea uziorodheshe. Usipofanya hivyo, kanuni ya 18 inakuzuia kuzitumia baadaye bila ruhusa ya mahakama. Hatua hii uliifanya. Ya pili ni kuzitoa kama vielelezo wakati wa kusikilizwa, kupitia kinywa cha shahidi aliye kizimbani. Hii hukuifanya, au haikuandikwa.

Inakwenda hivi. Shahidi kwanza anajenga msingi: yeye ni nani katika hati hiyo, ilimfikiaje, aliitunza wapi. Kabla hajaonyeshwa, anaeleza ataitambuaje: ina kurasa mbili, saini yangu iko chini kushoto kwa wino wa bluu, tarehe ni 4 Machi, kona moja imemwagikiwa chai. Ndipo anapewa, anaitambua, na anasema kwa sauti: "Naomba mahakama iipokee hati hii iwe kielelezo." Upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi. Ukipinga, hoja zinasikilizwa na hakimu anatoa uamuzi mdogo wenye sababu. Ikikubaliwa, inapewa alama, kwa kawaida P1 kwa upande wa mdai na D1 kwa mdaiwa. Kisha Amri ya 13 kanuni ya 4 inataka juu ya hati yenyewe yaandikwe mambo manne: namba na jina la shauri, jina la aliyeitoa, tarehe ilipotolewa, na maneno kwamba imepokelewa, hakimu anasaini. Mwisho isomwe kwa sauti, ili upande wa pili ujue ni nini kimeingia.

Mpangilio huo una sababu yake. Mahakama ya Rufani mwaka 2003, katika kesi ya jinai, ilieleza kwamba hati isisomwe kabla haijasafishwa, yaani mapingamizi dhidi yake kusikilizwa, na kupokelewa, kwa kuwa ikisomwa kwanza, sumu yake imeshaingia masikioni mwa mahakama hata kama itakataliwa baadaye. Na ikipokelewa bila kusomwa, upande wa pili umenyimwa nafasi ya kujitetea. Katika jinai kosa hili limefuta vielelezo vingi kwenye rufaa: maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi), hati za ukamataji mali, fomu za PF3 (za polisi za uchunguzi wa daktari). Hati ikifutwa, kesi inabaki kusimama kwa maneno ya mashahidi, kama yapo ya kutosha.

Makosa mengine tunayoyaona sana. Wakili au mwendesha mashtaka kuitoa hati yeye mwenyewe akiwa amesimama mezani, hali hajaapa na hawezi kuulizwa maswali. Shahidi asiyeijua hati kupewa aitoe kwa kuwa tu ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Kigezo ni awe anaijua au amewahi kuishika katika mkondo wa mambo, hata kama kwa muda mfupi. Na hati kupewa alama ya utambuzi tu, yaani ID1, mdai akaondoka akidhani imepokelewa. Alama ya utambuzi ni ahadi kwamba utarudi kuitoa. Usiporudi, haimo.

Kwa shauri lako, msomaji wetu, omba nakala ya mwenendo mara moja na usome siku uliyotoa ushahidi. Kama pameandikwa "kielelezo P1 kimepokelewa" na hakimu amepitiwa, hoja yako ya rufaa ni nzito. Kama hapana, mweleze wakili wako ukweli huo siku ya kwanza, na muhesabu siku za kukata rufaa.

Nilimkopesha rafiki yangu 1,200,000 kwa simu. Hatukuandikiana, lakini meseji zipo, na sauti yake akikiri deni ipo. (Msomaji, Mwanza)

Una ushahidi, tena mzuri, endapo hutauharibu mwenyewe. Zamani kulikuwa na mashaka. Mwaka 2000 Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, katika shauri la Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, ilikubali kumbukumbu za benki zilizohifadhiwa kwenye kompyuta wakati sheria bado ilizungumzia vitabu. Bunge likafuata kwa marekebisho ya mwaka 2007, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaliweka sawa: ujumbe hautakataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Swali la hakimu leo ni jingine: nitajuaje kwamba hukuutengeneza? Kifungu cha 18 cha sheria hiyo kinamwelekeza aangalie uaminifu wa namna ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, kama umebaki mzima, na mtumaji alitambuliwaje. Inamsaidia pia kuamini kama kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa, au kama kumbukumbu ilitunzwa na mtu wa tatu katika kazi zake za kila siku, mtu asiye na upande. Huyo wa tatu ndiye kampuni ya simu.

Kwa hiyo usitegemee picha ya skrini peke yake. Nenda ofisi ya mtandao wako na kitambulisho, omba taarifa ya miamala ya siku husika yenye muhuri wao. Itaonyesha namba iliyopokea, jina lililosajiliwa, kiasi, saa na namba ya muamala. Meseji zisifutwe, na simu isiuzwe wala kufutwa vyote ikarudi kama mpya ("factory reset"). Zima ile hali ya meseji kujifuta. Unapopiga picha ya skrini, namba ya simu ionekane, maana jina "Best" au "Jirani" ulilohifadhi wewe halimtambulishi mtu yeyote. Chukua mazungumzo kuanzia juu hadi chini, usiruke hata ile meseji inayokuaibisha. Ukikata katikati, upande wa pili ataleta iliyobaki, na kuanzia hapo hata ukweli wako utatiliwa shaka.

Sauti ihamishe kwenye diski au flashi ikiwa kamili, na uiandike neno kwa neno ikiwa na dakika na sekunde. Kisha tayarisha kiapo: mimi fulani ndiye mmiliki wa simu aina hii, namba hii, ilikuwa mikononi mwangu muda wote, haikuwa na hitilafu, nilitoa nakala tarehe hii kwa printa iliyoko mahali hapa, sikuongeza wala kupunguza. Siku ya kesi njoo na simu yenyewe ikiwa na chaji.

Na huku kwetu Kenya, mbona wakili ananiuliza "cheti" cha picha za CCTV? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kuwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 106B, inakitaja kwa jina. Rekodi ya kielektroniki iliyochapwa au kunakiliwa huhesabiwa kuwa hati bila kuleta mashine yenyewe, ikiwa mashine ilikuwa ikitumika kila mara kwa kazi hiyo na ilikuwa nzima. Cheti chini ya 106B(4) kinaitambulisha rekodi, kinaeleza ilivyotolewa, kinataja kifaa kilichotumika, na husainiwa na mtu mwenye wadhifa katika uendeshaji wa kifaa hicho au shughuli husika. Kwa CCTV ya duka, ni yule anayesimamia mtambo na aliyenakili picha, si bawabu aliyezitazama tu. Aandike pia kama saa ya kamera ilikuwa mbele au nyuma ya saa ya kweli na kwa dakika ngapi. Jambo hili dogo limewahi kutosha kuvuruga ushahidi wa aliyesema alikuwa kwingine.

Tuna mkataba wa kupangisha nyumba, mpangaji anakana saini. Wakili wake anasema pia mkataba haukulipiwa ushuru wa stempu, kwa hiyo utupwe. (Wasomaji, mume na mke, Tanga)

La stempu msiliogope sana, ila lina meno. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, kinazuia hati isiyolipiwa ushuru kupokelewa katika shauri la madai, lakini kinaruhusu ipokelewe baada ya kulipa ushuru na adhabu yake. Mahakama ya Rufani imekwisha elekeza kwamba mhusika apewe nafasi ya kulipa. Ombeni nafasi hiyo wazi, iandikwe kwenye mwenendo. Bora zaidi, mlipe kabla ya siku ya kusikilizwa mje na hati iliyo safi.

La saini linahitaji kazi. Hati kupokelewa ni jambo moja, kuthibitika kwamba huyu ndiye aliyeisaini ni jambo jingine, na mwenye kulithibitisha ni ninyi. Shahidi bora ni aliyemwona akisaini. Wa pili ni mtu anayeufahamu mwandiko wake kwa kuandikiana naye au kufanya naye kazi (kifungu cha 49 cha Sheria ya Ushahidi). Wa tatu ni mtaalamu wa maandishi (kifungu cha 47 cha sheria hiyo hiyo ya Ushahidi). Na kifungu cha 75 kinairuhusu mahakama yenyewe kulinganisha saini inayobishaniwa na nyingine ambayo imekwisha thibitishwa kuwa yake. Mpelekeeni mtaalamu hati halisi, kwani fotokopi haionyeshi mgandamizo wa kalamu, pamoja na saini kadhaa zisizo na ubishi za kipindi hicho hicho: fomu ya benki, leseni, barua za kazi. Saini ya mtu hubadilika, na ya mwaka 2010 haimsaidii mtaalamu kuipima ya 2021.

Kwa mikataba ijayo, kila ukurasa usainiwe, si wa mwisho tu. Na kama mhusika hajui kusoma, andikeni mwishoni kwamba alisomewa kwa lugha anayoielewa, nani alimsomea, naye akaridhia kabla ya kuweka dole gumba. Aliyemsomea naye asaini.

Mkataba unasema bei ni milioni nane. Tulikubaliana kwa mdomo saba. Naweza kuleta mashahidi? (Msomaji, Singida)

Kwa kawaida, hapana. Kifungu cha 101 kinazuia maneno ya mdomo kupinga, kugeuza, kuongeza au kupunguza masharti ya mkataba ulioandikwa. Kinaruhusu mdomo pale unapodai udanganyifu, vitisho, makosa, au kwamba kulikuwa na makubaliano ya pembeni juu ya jambo ambalo hati imelinyamazia na yasiyopingana nayo. Bei haikunyamaziwa, imeandikwa. Ulipopewa kalamu ndipo ungesema.

Benki imenipa taarifa ya akaunti. Nikiitoa tu inatosha? (Msomaji, Dodoma)

Ibebwe na ofisa wa benki, au kiapo chake. Kifungu cha 78 kinataka ithibitike kwamba kumbukumbu hiyo ni ya kawaida ya benki, iliandikwa katika shughuli zake za kila siku, na iko chini ya uangalizi wa benki. Kisha mtu aseme ameilinganisha na ya asili na ni sahihi. Machapisho ya kompyuta yamo kwenye 78A. Iombeni benki kiapo hicho wakati mnapoomba taarifa, maana kukirudia baadaye kesi ikiwa imeanza huchukua muda.

Shauri langu liko mahakama ya mwanzo. Yote haya yananihusu? (Msomaji, Bagamoyo)

Kwa barua ya sheria, hapana. Kifungu cha 2 kinaiondoa mahakama ya mwanzo kwenye Sheria ya Ushahidi. Inatumia kanuni zake, Tangazo la Serikali namba 22 la mwaka 1964, zilizo nyepesi zaidi. Hakimu hatakubana kwa namba za vifungu. Lakini hati halisi bado ni bora kuliko nakala, na mtu aliyekuwepo bado ni bora kuliko aliyesimuliwa. Na kuna jambo moja wengi hulisahau: ukishinda, mwenzako atakata rufaa mahakama ya wilaya, na huko watasoma kilichoandikwa, si ulichokionyesha. Kwa hiyo unapompa hakimu karatasi yako usiridhike na yeye kuitazama na kukurudishia. Mwombe kwa heshima aiandike kwenye mwenendo kuwa imepokelewa na aipe namba. Kisha baada ya hukumu chukua nakala ya mwenendo uhakikishe ile namba ipo.